Kumtumaini Mungu Siku ya Jumatatu: Mwongozo Kamili kwa Mkristo Mwenye Shughuli Nyingi

Mkristo anayeishi Moshi hana upungufu wa ibada. Jumapili kuna ibada ya kwanza na ya pili, katikati ya wiki kuna jumuiya na mazoezi ya kwaya, Ijumaa kuna mkesha, na mvua za masika zikiisha viwanja hujaa mikutano ya injili ambayo spika zake husikika hadi mtaa wa tatu. Hata hivyo, Jumatatu saa nne asubuhi, mwenye fremu anapopiga simu kuulizia kodi, wengi wetu hukimbilia kila mlango isipokuwa ule tuliouimbia jana yake. Mwongozo huu unahusu pengo hilo. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi, watoto, madeni na usingizi wa kawaida, ambaye anataka kumtumaini Mungu katika mambo yaleyale yanayomnyima raha.

Msimamo ninaousimamia kuanzia mwanzo ni kwamba tumaini hujengwa katika jambo mahususi. Mtu anaweza kukiri Imani ya Mitume kila Jumapili, akasimama na kutamka wazi kwamba anamwamini Mungu Baba Mwenyezi, na bado asiamini hata kidogo kwamba Baba huyo anashughulika na kodi ya fremu. Sisi tunaoamka tukiuona Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, siku ambazo mawingu yametuhurumia, tunaipenda sana Zaburi ya 121: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Tunaisoma kana kwamba mlima ndio jibu, ilhali mwandishi ameuliza swali na kulijibu kwa kuupita mlima: "Msaada wangu u katika BWANA, aliyezifanya mbingu na nchi." Na mistari minane ya zaburi hiyo haizungumzii mambo ya mbinguni peke yake. Inataja mguu usiteleze, jua lisikupige mchana, kutoka kwako na kuingia kwako.

Hatua ya kwanza: litaje jambo lenyewe

Tafuta daftari la kawaida la shule. Andika jambo linalokusumbua kwa maneno ambayo ungeyatumia ukimweleza ndugu yako wa tumbo moja. Usiandike "Bwana, gusa uchumi wangu." Andika: "Kodi ya fremu ni shilingi 150,000, inatakiwa tarehe 5, mkononi ninazo 60,000, na mwenye fremu amepiga simu mara mbili nikaacha iite." Sehemu hiyo ya kuacha simu iite ni muhimu kuliko tarakimu, kwa sababu inaonyesha woga, na woga ndio unaotakiwa kupelekwa mbele za Mungu pamoja na deni.

Sala ya namna hii huonekana ya kitoto kwa waliozoea sala ndefu za hadharani, lakini Biblia imejaa sala za jinsi hiyo. Hana hakuomba "baraka za uzao" kwa ujumla. Aliomba mtoto wa kiume, na midomo yake ilicheza bila sauti kusikika mpaka kuhani akamdhania mlevi. Yesu alimuuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na kila aliyepita njia ya Yeriko. Mfalme Hezekia alipopokea barua ya vitisho kutoka Ashuru, aliichukua, akapanda nayo nyumbani mwa Bwana na kuikunjua mbele zake, kama tunavyosoma katika Wafalme wa Pili sura ya 19. Unaweza kufanya vivyo hivyo. Bili ya maji, majibu ya maabara, barua ya chuo inayodai ada: iweke mezani, ifungue, kisha omba ukiwa unaitazama.

Katika daftari hilo gawa ukurasa sehemu mbili. Upande mmoja andika unachomwomba Mungu, na upande wa pili andika kile kilicho mikononi mwako kukifanya wiki hiyo, mathalani kumpigia mwenye fremu na kumwomba akupokee nusu. Chini acha mistari michache mitupu kwa ajili ya kilichotokea baadaye, kiwe kizuri au kibaya. Watu wengi huandika majibu mazuri peke yake, kisha baada ya mwaka wanashangaa kwa nini daftari lao linasoma kama matangazo ya redio. Andika pia "sikupata," andika "mgonjwa alifariki," andika "bado." Mtu anayemtumaini Mungu hana sababu ya kumtengenezea Mungu hesabu.

Ukiona imani yako ni ndogo mno kwa jambo hilo, liandike nalo. Baba wa yule kijana aliyekuwa na pepo, katika Marko 9:24, alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza.

Hatua ya pili: tenga muda mfupi usioguswa

Dakika 15 zinatosha kuanzia. Nimeona watu wakijiwekea saa nzima ya maombi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, kule Marangu au Kibosho ambako baridi ya wakati huo inajulikana. Wiki ya kwanza huenda vizuri, na wiki ya tatu blanketi linashinda. Chagua saa ambayo mwili wako unaikubali. Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Lakini Luka 6:12 inamwonyesha akikesha mlimani usiku kucha, kwa hiyo hakuna saa iliyo takatifu kuliko nyingine.

Mahali ni kazi ngumu zaidi kuliko saa. Katika nyumba ya kupanga yenye chumba na sebule, ambamo watoto wanalala sebuleni, "chumba cha ndani" alichokitaja Yesu hakipo. Wengine huomba jikoni kabla ya kuwasha moto, wengine hukaa ndani ya gari dakika kadhaa kabla ya kushuka kazini, na wengine huingia kanisani njiani milango inapokuwa wazi. Simu iache chumba kingine ikichaji. Ukiitumia kusoma Biblia, zima data kwanza, maana ujumbe wa kikundi cha harusi hauna adabu ya kusubiri "Amina."

Hatua ya tatu: soma Neno kwa mpangilio, si kwa kubahatisha

Kufungua Biblia popote na kuweka kidole ni tabia inayopendwa sana, na ninaipinga. Humfanya msomaji atafute mstari wa kumpendeza, na Maandiko hayakuandikwa kwa vipande. Anza na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu. Soma kisa kimoja kwa siku, yaani kile kilicho chini ya kichwa kimoja kidogo, na usiogope kukirudia kesho yake. Pamoja na Marko soma zaburi moja kila siku. Ziko 150, kwa hiyo zitakuchukua takribani miezi mitano. Baada ya hapo nenda kwenye barua kwa Wafilipi, iliyoandikwa na mtu aliye kifungoni na ambayo kwa sura zake nne inazungumza juu ya furaha kuliko wengi tulio huru.

Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, ina Kiswahili kizito mahali pengine. Hilo lisikuzuie. Soma kwa sauti, polepole, na ukikwama linganisha na Biblia Habari Njema. Kisha jiulize maswali mawili tu: kisa hiki kinaniambia Mungu ni wa namna gani, na kinagusa wapi lile nililoliandika kwenye daftari? Siku nyingine swali la pili halitapata jibu. Funga Biblia uende kazini.

Hatua ya nne: mwombe Mungu katikati ya kazi

Hapa ndipo ukaribu wa kila siku unapojengeka, na hapa ndipo mafundisho yetu yalipo machache. Katika soko la Mbuyuni, kabla jua halijachomoza vizuri, utamwona mama akifungua turubai la meza yake. Analikunja upande, anapanga nyanya mafungu mafungu, kubwa juu na zilizobonyea chini (jambo ambalo nalo lingefaa kuombewa), na kabla ya mteja wa kwanza anasimama kidogo, mkono juu ya meza, midomo ikicheza. Haichukui hata nusu dakika. Amemwingiza Mungu katika biashara yake kabla ya fedha kuingia.

Chagua vituo vitatu au vinne katika siku yako ambavyo hutokea bila kukosa, na kila kimoja kiwekee sala fupi. Unapofungua kufuli la ofisi: "Bwana, kazi hii ni yako." Unapopanda daladala, mwombee mtu mmoja unayemwona. Kabla ya kupokea simu unayoiogopa, vuta pumzi na useme maneno ya Petro alipoanza kuzama, "Bwana, niokoe." Kabla ya kula mchana, hata kama ni chapati moja na chai mkononi, shukuru. Sala hizi hazihitaji kufumba macho, na kwa dereva wa bodaboda ni heri asifumbe.

Mtego wake ni mazoea: baada ya muda maneno hutoka yenyewe na moyo unabaki nyuma. Dawa yake ni kubadilisha maneno kila mwezi, au kuchukua mstari wa zaburi ya asubuhi na kuufanya ndio sala ya siku hiyo.

Hatua ya tano: fanya sehemu yako bila kuona haya

Kuna fundisho lililoenea kwamba anayemtumaini Mungu kweli hatafuti njia nyingine. Fundisho hilo limeumiza watu. Nehemia alipotishwa na maadui, aliomba na akaweka walinzi, na yote mawili yamo katika mstari mmoja, Nehemia 4:9. Isaya alimpelekea Hezekia neno la uponyaji kutoka kwa Bwana, kisha akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo, ambaye aliwaombea wagonjwa wakapona, alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Wakulima wa mteremkoni wanalielewa jambo hili kwa sababu ya mifereji yao ya asili. Maji yanatoka juu, msituni, na hakuna ukoo unaoweza kuyatengeneza. Lakini mfereji usipozibuliwa majani na udongo, migomba ya kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, itakauka huku maji yakipita bure korongoni. Kuomba na kuzibua havigombani.

Kwa hiyo, ukiugua, omba na uende hospitali. Waite wazee wa kanisa wakuombee, kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, na umeze dawa zako kwa saa zake. Mtu yeyote, awe na cheo gani, akikuambia uache dawa za presha, kisukari au za kufubaza virusi vya UKIMWI ili kuthibitisha imani yako, usimtii. Hata ukiamini kwamba umepona, rudi kliniki upimwe kwanza. Yesu mwenyewe aliwatuma wenye ukoma aliowaponya wakajionyeshe kwa makuhani.

Hili silisemi kwa nadharia tu. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo hapa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Marehemu wale hawakuwa wajinga wala wasioamini. Wengi wetu tungeweza kuwa pale, tukiwa na mgonjwa au deni kichwani. Ni halali, bila kuwahukumu, kujifunza kupima. Yakobo anataja mafuta, lakini yanapakwa na wazee wanaomfahamu mgonjwa na kumtembelea nyumbani kwake. Ukiona baraka inauzwa, au inapatikana kwa atakayewahi, au inategemea chombo kilichoguswa na mtu mmoja maarufu, hiyo inakufundisha kumtegemea mtu huyo. Ukaribu na Mungu hauna foleni.

Hatua ya sita: mpeleke Mungu kwenye pochi

Fedha ndiyo mtihani mkali wa tumaini, na Kilimanjaro mtihani huo una majira yake. Desemba tunarudi nyumbani kwa wingi, magari yanajaa barabara za kupanda Machame, Marangu na Rombo, mbuzi wanachinjwa, michango ya harusi na ubatizo inafuatana. Januari inakuja na ada, sare na kodi, na ndipo maombi ya kufunga yanapoongezeka ghafla. Kufunga ni kuzuri, ila bajeti ya Novemba ingepunguza sehemu ya hayo maombi.

Waisraeli jangwani walipewa mana ya siku moja, na waliojaribu kulimbikiza waliikuta imeingia mabuu na kunuka, Yesu naye alitufundisha kusema, "Utupe leo riziki yetu." Hii haimkatazi mtu kuweka akiba. Inamzuia asiifanye akiba kuwa mungu wake, na inamfariji asiyekuwa nayo. Kwa vitendo: kabla ya kukopa, andika mkopo huo kwenye daftari, uombee siku tatu, na umweleze mwenzi wako wa ndoa kiasi na riba yake. Mkopo unaoona aibu kuutaja mbele za Mungu na mbele ya mke au mume wako, hasa ule wa riba kali uitwao "kausha damu," achana nao.

Sadaka toa kwa moyo na kwa kipimo. Mtu asiye na fedha ana ndizi, mayai au maziwa, na mnada wa mazao nje ya kanisa baada ya ibada unaheshimika kwa sababu hiyo (ingawa tukubaliane kwamba kuku mmoja kuuzwa mara nne siku hiyohiyo ni ushindani wa waheshimiwa zaidi kuliko ibada). Usitoe kama mtu anayenunua muujiza. Mungu hawi na deni kwako kwa sababu ya bahasha.

Hatua ya saba: pata mtu mmoja anayejua

Jumuiya ni hazina. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, na katika sharika za Kilutheri ibada za nyumba kwa nyumba ni sehemu ya maisha. Hata hivyo, katika jumuiya ya watu 20 mtu hawezi kusema kila kitu. Akisema, kesho yake kinasikika kwenye kibanda cha mpesa. Ndugu wa uamsho ulioanzia Rwanda na kufika Tanganyika katika miaka ya 1930 walikuwa na desturi ya kuungama wao kwa wao na kutembea nuruni, na jambo hilo tunalihitaji bado, kwa busara.

Tafuta mtu mmoja wa jinsia yako, mkomavu, asiye na tabia ya kubeba maneno, na asiyekudai wala kudaiwa nawe. Kutaneni mara mbili kwa mwezi. Mwonyeshe daftari au msomee sehemu yake. Mwombe akuulize swali moja kila mara: "Lile uliloliandika, umemwachia Mungu au umelichukua tena?"

Mungu anapokaa kimya

Watu huacha kumtumaini Mungu, mara nyingi, baada ya kuomba kwa uaminifu na kutopata. Mtoto amezikwa. Ajira haikuja. Kisha anakuja mpendwa na kusema, "Imani yako ilikuwa ndogo," au "Kazi ya Mungu haina makosa," na maneno hayo yanafunga mlango uliobaki wazi kidogo.

Katika wakati huo usijilazimishe kuimba sifa. Zaburi zimeweka maombolezo mengi ili tuwe na maneno yetu yanapoisha. Zaburi ya 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi: inaisha gizani, bila mstari hata mmoja wa kugeuza mambo, na bado imehesabiwa kuwa sala na kuwekwa ndani ya Biblia. Mtu anayemlalamikia Mungu usoni yuko karibu naye kuliko anayemsifu kwa midomo tu. Isome zaburi hiyo kwa sauti, kisha nyamaza. Usiongeze kitu.

Na angalia mwili. Eliya alipokimbilia jangwani na kuomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwachia alale, akampa mkate na maji, akamwachia alale tena, akampa chakula mara ya pili, na mazungumzo juu ya wito wake yakaja baadaye sana huko Horebu. Aliyefiwa au aliyechoka ale, alale, apunguze mikesha. Kama giza linadumu wiki kwa wiki, hawezi kula wala kulala, au anawaza kujidhuru, aende hospitali aonane na mtaalamu wa afya ya akili, na mtu wa karibu amsindikize. Mchungaji au padri mwenye hekima atakuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Ukiwa ni wewe unayemtembelea mfiwa, chota maji, menya ndizi, kaa naye. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa kimya, na waliharibu walipofungua vinywa.

Ukiwa umekaa mbali kwa muda mrefu

Sababu ya kukaa mbali si dhambi kubwa kila wakati. Wapo waliolala tu kidogo kidogo, na wapo, tena wengi kuliko tunavyokiri, walioacha kuja kanisani kwa sababu ahadi yao ya kuchangia jengo la kanisa haijamalizika na wanaogopa kuulizwa. Kwa watu hao, hatua zote za juu zisubiri. Wiki ya kwanza fanya mambo mawili peke yake: kila usiku kabla ya kulala mwambie Mungu jambo moja la kweli la siku hiyo, na kabla ya Jumapili mpigie mzee wa kanisa wa mtaa wako au mwenyekiti wa jumuiya umweleze wazi kwamba unarudi na kwamba bahasha kwa sasa huna. Akikupokea, mwombe akusogezee jina kwenye orodha ya nyumba zitakazotembelewa na jumuiya mwezi huo. Akikupokea vibaya, mwendee mchungaji au paroko mwenyewe katikati ya wiki, wakati ofisi haina foleni, na umwambie maneno hayohayo.